Usikamate, ni Bip

Simu yenyewe nilipewa badala ya mshahara. Mfanyabiashara mmoja wa jumla, mtu wa Kivu ya Kaskazini, alishindwa kutulipa sisi tuliopakua lori lake, akafungua katoni akatugawia simu. Hakuna aliyelalamika. Miaka ile walimu walilipwa unga, na baba yangu, mtu wa reli tangu ujana, alilipwa ahadi mpaka akaacha kwenda kuzidai. Nami nilishazoea kupokea kinachotolewa na kuondoka nacho.

Ilikuwa simu ndogo na nzito, lakini imefungwa. Ilitoka Afrika Kusini, na ilikubali kadi ya kampuni iliyoiuza tu. Nilipoweka kadi ya kwetu, ikaandika kwamba haiitaki.

Wakati mwingine ningekaa nayo wiki nzima nikiichokoa, kwa maana tangu nilipoacha shule kila kitu kilichofungwa kimenisumbua. Lakini siku hiyo nilikuwa na haraka. Yaya, dada yangu mkubwa aliyenilea baada ya mama kufa, alikuwa ameolewa Kilwa, si ile ya pwani bali ya kwenye Ziwa Mweru, na habari zilizotufikia kutoka kule zilikuwa mbaya. Watu wenye bunduki walikuwa wameingia mjini. Wengi walipanda mitumbwi kukimbilia Zambia, wengine walijificha porini, na hakuna aliyejua nani yuko wapi. Mimi nilikuwa nimepata nafasi juu ya lori la chumvi lililopanga kuondoka jioni kuelekea kaskazini. Dereva alisema atafika pale barabara itakapomruhusu. Kama Yaya alikuwa bado Kilwa, nilitaka kumfuata. Kama ameshavuka ziwa, lori hilo lingenipeleka mahali asipokuwepo.

Kumpigia kulikuwa kazi. Mitandao ya wakati ule haikusemezana. Aliye kwenye kampuni moja hakuweza kumpata wa kampuni nyingine. Kilwa kulikuwa na mnara mmoja, wa kampuni iliyotoa kadi yangu, na kwenye mtaa wa Yaya simu moja, ya jirani yake muuza samaki. Wanawake wa kupigisha simu barabarani wangenipigia, ila jirani asipopokea, angenirudia wapi? Nilihitaji namba yangu mwenyewe kwenye mtandao ule, na simu ya kuishika kadi yake.

Basi nikaenda mtaa wa Kamalondo, kwa fundi aliyekuwa na meza kwenye baraza la mshona nguo. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mshonaji alikanyaga cherehani yake, fundi akatumia betri ya gari. Aliigeuza simu yangu, akaipuliza kama mtu anayepuliza chai.

“Iko codée, mudogo,” alisema. “Bazungu balifunga.”

“Kifuli chake kiko wapi?” niliuliza. “Ndani kuna nini?”

“Hakuna kifuli. Balifundisha simu ijue patron mumoja tu. Sawa imbwa ya mulinzi: wengine bote inabaluma.”

Mshonaji hakuinua kichwa. “Basi iko na heshima kupita ile imbwa yako. Ile inafuata kila muntu mwenye mufupa.”

“Weye shona. Suruali ya bantu inakungojea tangu Paska.”

Fundi alibonyeza alama fulani, tarakimu ndefu ikatokea kwenye kioo. Akampigia rafiki yake aliyekuwa mjini, kwenye ofisi yenye jenereta na kompyuta, akamsomea tarakimu moja moja kwa Kifaransa. Kompyuta ile ingetafuta namba ya kufungulia. Tukangoja. Nilitaka kujua kompyuta inaipataje, lakini fundi mwenyewe hakujua. Alijua tu kwamba ukikosea mara chache, simu inajifunga moja kwa moja na hata aliyeitengeneza hawezi kuifungua.

Namba ya kwanza ilikataa. Rafiki wa mjini akaambiwa arudie. Namba ya pili fundi aliiandika polepole, kidole kikipumzika kila baada ya tarakimu, na kioo kikawaka kikaonyesha mnara wa mtandao wetu.

“Sasa iko ya bantu bote,” alisema.

Nikampigia jirani wa Kilwa papo hapo. Simu iliita, ikaita mpaka ikachoka. Nikaishika mkononi. Haukupita muda ikalia yenyewe, namba ileile.

“Usikamate!” mshonaji akapiga kelele. “Ni bip!”

“Usimukulie unités, mudogo,” fundi akasema. “Acha ikatike, kisha weye upige.”

Ndivyo tulivyoishi. Mtu mwenye salio dogo, unités chache, alikubipu: akaita kidogo akakata, nawe uliye nalo ukampigia. Kupokea bip kulikuwa utovu wa adabu, sawa na kutia mkono kwenye sahani ya mwenye njaa. Kwa hiyo tukaitazama ile simu ikilia, watu wazima watatu. Iliendelea kulia.

“Bip yake iko murefu,” nilisema.

“Ni Kilwa,” fundi akajibu. “Kule kila kintu kinachelewa.”

Ilipokatika nikapiga. Haikupatikana. Nikapiga tena, na tena, mpaka mshonaji akaacha kukanyaga cherehani. Jua lilikuwa limeshaegemea paa za ng'ambo ya barabara, na lori langu liko tayari, ndipo jirani alipopokea. Nyuma yake kulikuwa na upepo na watu wakiitana.

“Ni weye mudogo yake?” aliuliza. “Juu ya nini ulikatala? Aliona ile namba mupya, akasema ni weye tu, akakupigia kabisa! Nilimupa unités zangu za mwisho. Alikuwa anasimama ndani ya maji, mutoto ku mugongo.”

“Nilizania ni bip, baba.”

“Bip! Bwato ya kuvuka ziwa ilimungojea, kisha ikachoka. Amepanda, ameenda, na batoto bote. Alisema usikuje huku.”

Laini ikafa. Nilikwenda kwenye lori, nikashusha mfuko wangu. Dereva alinitukana kwa kumpotezea nafasi, kisha akampandisha mtu mwingine.

Nilizunguka kwa kusini, nikavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, nikapanda malori ya watu nisiowajua hadi upande wa pili wa Mweru. Nilimpata Yaya amekaa kwenye uwanja wa shule pamoja na wengine waliovuka, amekonda, anachambua dagaa. Watoto walikuwa wamelala. Hakusimama.

“Ulisikia ikilia?” aliniuliza.

“Nilisikia.”

“Na ulikuwa unaiangalia tu?”

“Tulizania unabipu, Yaya.”

Aliendelea kuchambua. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi anitukane.

“Kule ku maji nilisema: huyu hatakamata, atazania ni bip,” alisema mwishowe. “Mwenye bwato alikuwa analalamika. Lakini nilisema iite tu, iite, ajue kama niko muzima.”

Akasogea kidogo kwenye kanga aliyokalia ili nipate mahali. Nikakaa, nikavuta nusu ya dagaa upande wangu.