Kipande cha Kwanza cha Mbuta

Mnaonijua mnajua kwamba mimi na samaki hatupatani. Nikipita karibu na wauza dagaa pale sokoni Wundanyi, ambako nauza kabichi zangu, huziba pua kwa leso mpaka nivuke. Kwa hiyo mliposikia kwamba nimetoka Taita nikaenda mpaka Ziwa Viktoria kula samaki, mlicheka. Chekeni tu. Tangu nirudi mnaniuliza safari ilikuwaje na mimi nawajibu nusunusu. Leo nitawasimulia yote, na wengine wenu hamtapenda mwisho wake.

Nilikwenda kwa sababu ya mdogo wangu Mwadime. Asubuhi moja aliniitisha kwenye simu ya dukani. Alikuwa dereva wa trekta la miwa huko Awendo, upande wa Migori, na alikuwa amekaa huko miaka mingi hata Kiswahili chake kikapata lafudhi ya Kijaluo. Siku hiyo sauti yake ilikuwa nyembamba, nikadhani ni laini mbovu.

"Dada, njoo unirudishe nyumbani," alisema. "Lakini ufike kabla ya siku ya samaki. Nataka kula na wenzangu mara moja, halafu twende."

Nikamwuliza anaumwa nini. Akasema nikifika nitaona.

Kutoka Voi hadi Nairobi sina la kusimulia. Nilikaa dirishani nikiwaza. Nairobi nilipanda basi la Migori, na kulipopambazuka tulikuwa tunashuka Kisii ndani ya mvua, migomba pande zote. Tulipopita Rongo, migomba ikaisha, miwa ikaanza. Miwa, miwa, miwa, na malori yaliyojazwa miwa mpaka mengine yanainama upande mmoja. Abiria aliyeketi nami aliniambia niangalie nisije nikapitiliza Awendo. Nilimjibu kwamba ndugu yangu atakuwa kituoni, nitamwona.

Awendo nilishuka, nikamtafuta, sikumwona. Nilimpita mtu mmoja aliyekaa juu ya kreti ya soda, amevaa koti zito wakati kila mtu yuko na shati. Nikafika mpaka mwisho wa maduka, nikageuka nirudi. Yule mtu wa kwenye kreti akaniita kwa jina la nyumbani, lile ambalo ni mama tu na yeye wanalitumia.

Nilimkumbatia nikahisi mifupa. Sikulia. Mimi nikiogopa huwa nakasirika, basi nikaanza kumgombeza palepale: kwa nini hukusema mapema, kwa nini hukula, koti hili umelitoa wapi. Alinisubiri nimalize. Kisha akaniambia wazi ni ugonjwa gani, ule ambao nyumbani tunautaja kwa kupunguza sauti na ambao huko wanauita ayaki. Daktari alikuwa amempima. Muuguzi mmoja alikuwa amemkalisha chini akamweleza kwamba kula pamoja na watu, kunywa nao, kulala nao chumba kimoja, hakuwaambukizi. Hilo la kula pamoja alilirudia.

Jioni ile, kwenye chumba chake, alinieleza habari ya siku ya samaki. Kila mwaka, kiwanda cha sukari kinapofungwa kwa matengenezo na miwa haikatwi, madereva na matandiboi wa kontrakta wao wa kubeba miwa hupanda lori moja hadi Homa Bay. Huko wanaagiza mbuta mmoja mkubwa, anapikwa mzima, analetwa kwenye sinia moja. Na wana desturi yao. Hakuna anayejichukulia kipande cha kwanza. Mkubwa wao, dereva mzee anayeitwa Okello, ndiye anayeanza. Anachukua nyama ya chini ya kichwa, anamlisha kwa mkono wake aliye kulia kwake. Huyo naye anamlisha wa kulia kwake. Inazunguka hivyo mpaka mtu wa mwisho amlishe Okello. Ndipo kila mtu ananyoosha mkono.

"Ilianza mwaka ambao madereva walipigana kwa sababu ya foleni ya mizani ya kiwandani," Mwadime alisema. "Okello akasema hamli mpaka mlishane. Mtu aliyekulisha huwezi kumwibia nafasi kwenye foleni, dada. Unaona haya."

Alicheka, kikohozi kikamshika. Kilipotulia akasema, "Mimi hukaa kushoto kwa Okello. Mimi ndiye ninayefunga mzunguko."

Hapo ndipo nilipojua amenisubirisha kwa nini. Hakuwa na hamu ya samaki, maana hata uji ulikuwa unamshinda. Alitaka kujua kama bado yeye ni mmoja wao, na hakuwa na njia nyingine ya kuwauliza.

Siku yenyewe, asubuhi, lori lilitungoja karibu na soko likiwa limefagiliwa makapi ya miwa. Walimsalimia kwa furaha, nakiri hivyo. Walimwita Jataita, mtu wa Taita, jina lake la huko. Nami nikaitwa sista. Okello, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, alimpungia mkono kutoka juu ya lori.

"Jataita, wewe keti mbele na sista," alisema. "Huku nyuma iko upepo mbaya."

"Mimi si husimama nyuma? Nani ataanzisha nyimbo?"

"Leo tutaimba sisi. Wewe pumzika, omera."

Ulikuwa wema, na mimi nilishukuru. Tukaketi mbele na dereva, kijana wa Kikuria anayeitwa Chacha. Mvua ilikuwa inanyesha manyunyu, lakini Chacha alifungua dirisha lake lote, matone yakawa yanamrukia shavuni, na hakulifunga mpaka tulipofika. Nyuma hawakuimba.

Homa Bay tuliingia kabla ya saa sita. Nilikuwa na hamu ya kuliona ziwa, angalau niwaletee habari. Sikuliona. Magugu yalikuwa yamelifunika kutoka ufukweni hadi mbali, majani manene ya kijani, kama shamba la kabichi lisilo na mwenyewe. Mashua zilikuwa zimekwama katikati yake. Wanaume walikuwa wanayasukuma kwa miti mirefu wafungue njia, na nyuma yao njia inajifunga tena.

Hoteli ni ya mama mmoja anayeitwa Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi. Ni nyumba ya mabati yenye meza ndefu katikati na meza ndogo moja kando ya dirisha. Alitupokea mlangoni akijifuta mikono.

"Bi uru, bi uru! Mbuta nimeipata kwa shida. Hii magugu itatuua." Kisha akamwona Mwadime, na tabasamu likabaki mdomoni peke yake. "Jataita. Mos, nyathina. Pole, mwanangu."

Tulinawa. Maji ya moto yalipitishwa kwa birika na beseni, na Mwadime akapitishiwa wa mwisho. Alinawa taratibu, mpaka viwiko, kama daktari. Kisha akaenda kwenye meza ndefu, mahali pake, kushoto kwa Okello.

Okello aliinuka kabla hajaketi.

"Jataita, ndugu yangu, hapa tutakubana. Kaa pale kwa dirisha, kuna hewa. Min Akinyi atakuletea yako kwa sahani, ukule polepole. Unajua hii samaki iko na miiba."

"Mbuta iko na miiba tangu lini?" Mwadime aliuliza. "Si yenye miiba ni ngege?"

Watu waliangalia meza. Mwadime alisimama kidogo, ameshika mgongo wa kiti, na mimi nikamwona akitafuta macho ya mmoja wao, yeyote. Halafu akaenda kwenye meza ya dirishani akaketi. Nikaketi mbele yake, mbali na pale sahani itakapowekwa, kwa sababu ya harufu ya samaki.

Mbuta aliletwa kwenye sinia, anafuka moshi, nyanya na vitunguu juu yake, ugali pembeni. Ubavu mmoja ulikuwa umeshakatwa jikoni. Kipande kile ndicho kilicholetwa kwetu, kwenye sahani ya bati. Maana yake mpango huu haukuzuka pale mezani. Walikuwa wameshaagiza.

Okello alichukua nyama ya chini ya kichwa akamlisha wa kulia kwake. Ikazunguka. Mkono, mdomo, mkono, mdomo. Walifanya haraka haraka. Yule aliyekaa mahali pa Mwadime akamlisha Okello, mzunguko ukafunga, na hapakuonekana pengo lolote.

Nilitaka kuinuka nikalipindue lile sinia. Wallahi ningelipindua, mnanijua. Mwadime alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Usiwaharibie, dada. Ndiyo siku yao."

Kisha akamega kipande kwenye sahani yake. Hakukipeleka mdomoni. Alikigeuza upande wa kulia, kama desturi, na kulia kwake kulikuwa na ukuta wa mabati. Mkono ulibaki hapo hewani. Kwenye meza ndefu watu waliacha kutafuna. Chacha aliinuka nusu. Okello akasema neno moja la Kijaluo, si kwa ukali, karibu kwa kuomba, na Chacha akakaa.

Niliburuta kiti changu mpaka kati ya ndugu yangu na ukuta, nikafungua mdomo.

Mnaniuliza samaki wa ziwa ana ladha gani. Sijui. Nilimeza na machozi na pilipili, na tumbo likataka kunirudishia, nikalikatalia. Halafu nikamega kipande, nikamlisha yeye. Alikitafuna muda mrefu sana. Hakuweza kingine.

Walipomaliza, Min Akinyi alikusanya vyombo vya meza ndefu. Sahani ya bati ya Mwadime ilibaki dirishani. Tulipopanda lori nilitazama nyuma, ilikuwa bado ipo pale.

Asubuhi iliyofuata, kwenye kituo cha Awendo, Okello alikuja kutuaga. Alikuwa ameleta samaki wa kukaanga wa njiani, amefungwa kwenye gazeti na mfuko wa karatasi. Alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima, hajali watu.

"Jataita, wewe ni mtu yetu," alisema. "Sijui hata nikuambie nini. Niko na watoto."

Mwadime alinyoosha mkono apokee. Okello aliuweka mfuko chini, kwenye vumbi, kati yao, akarudi nyuma. Ndugu yangu aliinama akauokota. Ilimchukua muda kusimama tena.

"Ero kamano, Okello. Wasalimie."

Njia yote mimi nilikuwa nawatukana wale watu moyoni. Kisii nilimtukana Okello, Nakuru nikamtukana Chacha, Nairobi nikamrudia Okello. Nilijiambia, hao si watu wetu. Tukifika nyumbani, kwa mama, kwa majirani waliomlea, ataketi mezani kama zamani. Nilimwambia hivyo kwa sauti. Yeye alikuwa ameegemea dirisha amefumba macho.

Wundanyi tulifika jioni ya siku ya pili, ukungu umeshuka. Mama alitusubiri njiani na shuka. Alimshika Mwadime uso kwa mikono yote miwili, akamlilia. Nyumbani moto ulikuwa unawaka, ugali umeiva, na mboga ya majani. Mezani kulikuwa na vikombe vyetu vya siku zote, vya bati. Na kimoja cha plastiki, kipya, chekundu, mpini wake umefungwa uzi mweupe. Kando yake sahani ya plastiki, nyekundu pia, na uzi.

Nilimtazama mama. Mama akaangalia moto.

Basi ninyi mliokuja baadaye kumjulia hali mkasimama mlangoni, mliosema hamkai kwa sababu mna haraka, mliokataa chai nyumbani kwetu kisha mkaja mazikoni mkaimba vizuri, nilichojifunza katika safari hii ni kwamba nilikwenda mbali bure. Awendo ningeiona hapahapa. Mwadime hakufikia msimu mwingine wa miwa, na sitawaambia kwamba hakujua mlivyomwogopa.

Lakini nimalizie jioni ile. Alikaa, akavuta ile sahani nyekundu. Akafungua mfuko wa Okello, akamega samaki. Kulia kwake alikuwa mama. Akanyoosha mkono. "Huko tulikotoka, mama, hatujichukulii kipande cha kwanza," alisema.

Mama aliutazama ule mkono. Mkono aliouzaa, aliouosha, aliouchapa ulipoiba sukari. Halafu akafungua mdomo, Mwadime akamlisha, naye akafunga macho akatafuna, akameza.

Akasema anakwenda kuangalia kuni. Ukuta wa jikoni ni mwembamba. Tulimsikia akichota maji kwenye mtungi, akisukutua, akitema, akichota tena, akisukutua, akitema, na katikati yake akilia.

Nilisimama nimfuate. Mwadime akanishika mkono.

"Mwache, dada," alisema. "Lakini amekula."