Tulipopeleka Mikono ya Mjomba Ruiru

Tuliondoka Ngoliba kwa sababu watu walikuwa wameacha kunyolewa na mjomba Kamau. Yeye ni kaka wa mama yangu, na ni kinyozi. Mwaka ule mabaka meupe yalimshika mikono yote miwili, kutoka vidoleni hadi kwenye viwiko. Hayaumi, hayawashi, wala hayaambukizi. Lakini kinyozi hushika watu vichwa. Wateja walimsalimia kutoka barabarani, wakasema, "Nitakuja kesho, Kamau," kisha wakaenda kwa kinyozi mwingine. Mjomba alisema kama hawatarudi kufikia Krismasi, atauza mashine na kiti, alime mahindi. Na kwetu mvua ni ya kubahatisha.

Mkewe alikuwa amejifungua juzi tu, ndipo nikaambiwa nimsindikize, nibebe mwavuli.

Thika tulifika asubuhi. Kliniki ya pale hutoa vidonge vya mabaka, lakini taa ya kuyamulika iko Ruiru. Mjomba alikunywa chai na mkate, akameza vidonge mbele ya muuguzi.

"Kuanzia sasa mpaka jioni ujifunike," muuguzi alimwambia. "Koti, kofia, miwani nyeusi. Ruiru utatoa mikono peke yake."

Mjomba alivaa vyote. Jua lilikuwa tayari kali. Kijana mmoja pale stendi alimwangalia.

"Mzee, na hiyo koti unaenda Ulaya?"

"Ruiru," mjomba alijibu.

Ruiru, karibu saa nne, daktari alitupokea. Alikuwa mama mpole mwenye sauti ya chini. Alimwekea mjomba mikono ndani ya sanduku lenye taa ndefu nyembamba, kama zile za dukani, ila mwanga wake ni wa zambarau.

"Dawa imeenda mwili mzima," alisema. "Lakini imelala. Mwanga ukigusa mahali, inaamka hapo."

"Kwa hivyo tumboni imelala?" mjomba aliuliza.

"Kwani tumboni kuna mwanga?"

"Sijui, daktari. Sijawahi kuingia."

Daktari alitueleza kwamba huko ng'ambo wataalamu wanajaribu kutia dawa kwenye vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, vitembee kwenye damu, halafu mwanga uvionyeshe pa kufungukia. Mjomba alisema yeye atatosheka na mikono.

Saa saba tulikuwa Kalimoni kwa binamu yake, Mzee Ndung'u, ambaye ni mzee wa kanisa. Alikuwa ametuchinjia kuku. Nyumba ilikuwa imetolewa mabati ili yabadilishwe, kwa hivyo meza iliwekwa uani, juani. Kwetu chakula hakiguswi kabla ya maombi, na mwanamume haombi akiwa na kofia.

"Kamau, utaongea na Mungu na hiyo miwani?"

"Ni ya dawa, mzee."

"Dawa si iko tumboni?"

Mjomba alivua kofia na miwani, akafumba macho. Kichwa chake hukinyoa chote, kiwe tangazo la kazi. Mzee Ndung'u aliombea kahawa, serikali, wajukuu na mabati mapya. Kisha akafika kwenye mikono ya mjomba, akaiombea kwa urefu, mmoja mmoja. Nilifungua mwavuli polepole juu ya kichwa cha mjomba.

"Kijana," Mzee Ndung'u alisema bila kufumbua macho, "nasikia mwavuli. Mvua bado sijaiomba."

Nikaufunga.

Tulirudi Ngoliba jioni, tumeshiba. Siku mbili zilipita kimya. Siku ya tatu kichwa cha mjomba kilivimba, kikawaka kama kilichopigwa pasi, na baadaye kikaambuka ngozi. Hata wale wateja wachache waliobaki wakatoweka. Kinyozi mwenye kichwa kile ni vigumu kumwamini.

Ruiru tuliporudi, daktari alikiangalia kwa muda.

"Nani alikuvua kofia?"

"Kanisa," mjomba alisema.

Alimpumzisha mpaka kikapona, ndipo matibabu yakaendelea. Baada ya miezi kadhaa, ndani ya mabaka yale vitone vyeusi vya rangi yake ya zamani vikaanza kutokea, kama kwamba mtu alimnyunyizia kahawa.

Habari za kichwa zilifika Kalimoni. Wiki mbili kabla ya Krismasi, siku ya soko, Mzee Ndung'u alikuja Ngoliba. Nywele na ndevu zilikuwa zimemjaa. Alikalia kiti cha mjomba nje ya kibanda, mbele ya soko zima.

"Ninyoe."

"Mikono haijapona, mzee."

"Nimeuliza mikono?"

Mjomba alimshika kichwa. Wauza nyanya waliacha kuuza. Mzee Ndung'u aliongea kuhusu bei ya mabati tangu mwanzo hadi mwisho, akapapasa utosi, akaomba kioo, kisha akasema kwa sauti ya kanisani, "Nani anafuata?"

Halafu muuza viazi mmoja akavua kofia, akaja.

Nilijifunza kwamba dawa inaweza kuzunguka mwili mzima bila kufanya lolote mpaka ionyeshwe mahali, na kwamba haichagui kati ya taa ya daktari na jua la Kalimoni. Vidole vya mjomba bado ni vyeupe. Daktari alisema vidole ni wabishi. Jumamosi benchi la wateja hujaa.