Hamsini za Huruma

Chuoni walimwita Nusu Saa, naye aliitika, maana jina la utani ukilikataa ndipo linapoganda. Ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Alizaliwa na vidole vilivyojikunja kama jani lililopitiwa na moto. Kalamu anaibana kwenye kiganja, anaisukuma kwa bega. Herufi zake ni kubwa na zinasomeka, ila zinachelewa. Kwa hiyo chuo kilimpa nusu saa zaidi ya wenzake kila mtihani, kikampa na chumba chake peke yake, na juu ya kijitabu chake cha majibu wakabandika karatasi nyekundu iliyoandikwa Mahitaji Maalumu.

Ulimi wake hauna kasoro. Huo aliurithi kwangu.

Nilihama naye. Tulipanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya umeme, kwani nani mwingine angemfunga vifungo? Asubuhi namvalisha na kumchana, kisha nashona zipu na pindo za wanafunzi wakati yeye ananisomea gazeti. Mimi kusoma nimejifunza uzeeni, nafuata kwa kidole. Nikikwama ananiambia, "Mke mwenzangu, hilo neno haling'ati, lipite tu." Namwambia basi leo ajivalishe mwenyewe.

Chumba chake cha mtihani kilikuwa stoo ya viti vibovu. Mimi hukaa nje kwenye ngazi. Msimamizi alikuwa bwana mmoja mwenye tita la funguo, na ile nusu saa ya nyongeza halipwi. Wanafunzi wengine wakishatoka, anaanza kuzitikisa funguo zake.

"Dada, bado tu? Wenzako wameshakunywa chai."

"Nawe kanywe."

"Unaandika kitabu?"

"Naandika polepole, asije akapitwa anayesoma polepole."

Wanafunzi nao hawakuwa na dogo. Kijana mmoja alimwambia mbele ya watu, "Mimi ningepewa hiyo nusu saa yako ningekuwa jaji." Akamjibu, "Ichukue. Na vidole vyangu chukua." Yule kijana alitafuta pa kuweka mikono yake asipaone.

Alikuwa anasoma sheria, na alitaka uwakili, si kingine. Sasa shule ya mawakili haimpokei mtu aliyejikokota. Inataka sitini na kwenda juu. Mwenye hamsini anapewa cheti akatundike ukutani. Na mjukuu wangu alikuwa anapata hamsini. Hamsini, hamsini na moja, hamsini na mbili, kila somo, kila muhula, kama mtu aliyeshonewa sare.

Mwanzoni alidhani ni uzito wa kichwa chake. Akasoma mpaka macho yakavimba. Lakini alikuwapo jirani yetu, msichana mmoja mnene, ambaye kila jioni alikuja kuelezwa asichokielewa. Msichana yule alipata sabini na mbili. Akaja kutuonyesha, soda mkononi, akamwambia, "Bila wewe nisingeweza." Mjukuu wangu alimpongeza. Mimi sikumpongeza.

Halafu ikaja homa. Ilimpata katikati ya mtihani wa mikataba, akajibu swali moja kati ya manne, nikambeba mgongoni hadi nyumbani. Tukajua ameanguka. Matokeo yalipotoka, hamsini.

Alicheka mpaka nikaogopa.

"Bibi, hawanisomi."

"Nani?"

"Wote. Wakiona ile karatasi nyekundu wanaandika hamsini wanafunga."

"Labda wanakuhurumia, mama."

"Ndicho ninachosema."

Nikamtuma kwenye ofisi inayowashughulikia wanafunzi wa namna yake. Alimkuta dada mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi, anazipuliza zikauke. "Mdogo wangu," yule dada akamwambia, "umefaulu. Wapo wenye vidole kumi vizima wameanguka. Shukuru Mungu." Mjukuu wangu akaomba majibu yake yasahihishwe upya. Akaambiwa anayelalamika alete ushahidi.

Basi akaamua kuutengeneza.

Mtihani uliofuata ulikuwa wa sheria ya ardhi, wa mwaka wa mwisho. Jioni ile nilikuwa namchana nywele, akanieleza anachotaka kufanya. Hatajibu swali hata moja. Ataandika mambo mengine kabisa.

"Wakisoma?" nikamuuliza.

"Napata sifuri, nafukuzwa."

"Wasiposoma?"

"Nina ushahidi."

Nikashika chanuo nikafikiri. Kisha nikamwambia, "Ukiandika, andika sawasawa. Usije ukanitia aibu."

Akapewa hamsini na mbili.

Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kitivo, akaomba kijitabu kile kisomwe mbele ya kamati, na msomaji awe yule yule aliyekisahihisha. Siku ya siku nilikwenda naye, kwa sababu milango ya pale ina vitasa vya kuzungusha. Meza ilikuwa ndefu, chupa za maji zimepangwa. Mkuu wa kitivo alikuwa mama mwenye miwani ya kamba. Mwalimu wa ardhi aliketi upande wake, mtu wa kitambi, amekaa kama aliyekuja kupokea zawadi. Yule dada wa kucha naye alikuwapo, kwenye kiti cha pembeni.

"Unalalamika umepewa alama chache?" mkuu akauliza.

"Hapana, mama. Nimepewa nyingi mno."

Wakacheka kidogo. Mwalimu akafungua kijitabu. Alama ya vema ilikuwa hapo, nyekundu, amepiga kwa mkono wake mwenyewe. Akaanza kusoma kwa sauti.

"Jibu la kwanza. Mwalimu wa ardhi haijui ardhi ila ile aliyoikalia. Sauti yake ni ya mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba..."



"Endelea, mwalimu," mkuu akasema. "Umekipa hamsini na mbili, lazima kina kitu ndani."

"Karatasi anazotusomea zimegeuka manjano. Ndani yake mna mzaha mmoja, anausema kila mwaka siku ile ile, kisha anasubiri. Tai yake ni fupi kwa sababu nusu yake imeliwa na tumbo. Lakini kinyongo hana. Nikimwandikia haya yote akanifaulisha, nitajua kuwa hana kinyongo, kwa kuwa hajui kusoma."

Mzee mmoja wa kamati alijifanya anakohoa. Mwalimu alikuwa analowa jasho mpaka kwenye kola. Sikumwonea huruma, na ningekuwa na kiti karibu zaidi ningekisogeza.

"Nilitaka kumsaidia," akasema. "Nikimpa arobaini, mtaniita katili. Nikimpa sabini, watasema nimempendelea. Hamsini haimuumizi mtu."

"Mimi imeniumiza," mjukuu wangu akasema.

Wakatutoa nje. Nilidhani tumeshinda. Nilimwambia kabisa, siku ya kuapishwa uwakili nitamshonea mwenyewe joho. Tukaitwa ndani.

"Mwalimu ataonywa," mkuu akasema.

"Na majibu yangu ya nyuma? Yatasomwa?"

"Hayapo. Vijitabu huchomwa kila mwisho wa mwaka. Alama zako zitabaki zilivyo." Akavua miwani. "Kuhusu hiki, umeandika matusi kwenye mtihani wa chuo. Una njia mbili. Andika barua ya kuomba radhi, tuiache hamsini na mbili, umalize upate cheti chako. Au kisahihishwe kinavyostahili."

"Kinastahili ngapi?"

"Sifuri. Na sifuri ya matusi haina kurudia mtihani. Unaondoka."

Yule dada wa kucha akamwinamia, akanong'ona kwa upole wake ule. "Mdogo wangu, mistari miwili tu. Nitakuandikia mimi."

Mjukuu wangu akanitazama. Ndugu zetu hadi leo wananilaumu, wanasema nilipaswa kumfinya. Nami ninawajibu, mngekwenda nyinyi. Nilimtazama nikanyamaza, na yeye ananijua nikinyamaza.

"Kisahihishwe," akasema. "Lakini asome chote. Bado kurasa tatu."

Mwalimu akasoma kimya, midomo inacheza, kamati nzima inamsubiri. Kwa miaka yote tuliyokaa pale, ndiyo mara ya kwanza mtu wa chuo kusoma maandishi ya mjukuu wangu mpaka nukta ya mwisho. Alipomaliza akaandika sifuri, akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Mjukuu wangu akainama kuitazama vizuri. "Asante, mwalimu," akasema.

Siku hizi anapokea simu kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, chombo cha kusikilizia amevishwa kichwani, mikono haina kazi. Wateja wakija dirishani wakasikia anavyojieleza, huuliza kwa nini hakusoma akafika mbali. Anawaambia alifika chuo, akaanguka.

"Maskini," wanasema. "Kwa ajili ya mikono."

"Hapana," anawaambia. "Kwa ajili ya nilichoandika."