Amri Tatu kwa Nywila Moja

Siku ile ya Kasulu naikumbuka yote, mwanangu, na hadi leo sijaweza kuisimulia bila kuona haya. Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, lakini nilikuwa nimetoka kozi ya kompyuta na kichwa kilikuwa kimevimba.

Kompyuta kuukuu ya kituo chetu cha walimu ilibeba kazi ya Mwalimu Ruhuza, mstaafu wa Heru Juu: maneno ya Kiha aliyoyakusanya maisha yake yote. Madaftari yake yalikwishaliwa na mchwa, na macho yake yalikuwa yanazimika. Kila Ijumaa alikuja kwa bodaboda, akanitajia maneno mapya, nikayachapa.

Tulipoletewa kompyuta mpya, niliandika faili la amri tatu za kuihamisha kazi hiyo: nakili kazi kwenye diski ya nje, futa iliyo kwenye kompyuta kuukuu, kisha andika upya juu ya diski yake, kilichofutwa kisiweze kurudishwa. Ukiliendesha faili hilo, linaomba nywila ya msimamizi mara moja, kisha linakwenda lenyewe hadi mwisho.

Mama Leokadia, mkuu wetu, alisimama nyuma yangu. "Mdogo wangu, ziendeshe moja moja. Ya kwanza ikiisha, tazama kwanza."

"Mama, hiyo ni kazi ya kizamani," nikamjibu. Kiburi hicho, Mungu anisamehe. Nikaandika nywila, nikaliachia faili liende.

Diski ya nje ilikuwa imejaa video za harusi ya dada yangu, nilizozitia mwenyewe. Amri ya kwanza ikashindwa. Ya pili haikujua. Ilikuwa na mamlaka yote, ikafuta, na ya tatu ikafuata.

Ijumaa Mwalimu akaja. Nilipomwambia, akasema, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "basi nisomee hata herufi A."

Sikuwa na neno hata moja la kumsomea. Tulianza upya, lakini mengi hakuyakumbuka tena, na alifariki tukiwa bado kwenye herufi B. Wazee aliowauliza nao wamekwisha. Sioni pa kuyapata maneno yale, mwanangu, na sijidanganyi.

Kwa hiyo nakuomba: ukipewa mamlaka ya kufuta, usiyafunge pamoja na haraka yako. Endesha amri moja, tazama, ndipo uendeshe nyingine. Liagize faili lako lisimame pale jambo la kwanza linaposhindwa. Na anayekutahadharisha, msikilize.

Mungu akulindie mikono, na akuepushe na siku ya kuombwa kitu ulichokiteketeza mwenyewe.