Satelite ilionyesha mvua Beni, cahier yangu ilisema zero: mambo iliyonipata ku formation ya Butembo

Wakuu, salamu toka Beni. Kiswahili yangu iko ya huku kwetu, mutanivumilia. Hii mambo ilinipata mimi mwenyewe, na nitaisema vile ilikuwa, hata pale inaniuma.

Mi niko mama wa miaka makumi ine na kitu, nakaa mu commune ya Beu, mu muji wa Beni. Kazi yangu iko kupima hali ya hewa ku poste moja ya hapa, kituo kidogo. Kila asubui nasoma joto, naangalia upepo, napima maji ya mvua iliyoingia mu kipimo, naandika mu cahier, daftari yangu, alafu natuma namba ku bureau, ofisi ya hali ya hewa.

Mbele tulikuwa babili. Mwenzangu Paluku alikimbiza familia yake Uganda juu ya vita, hakurudia. Nikabaki mimi tu.

Namba natuma, mais jibu haiji. Siku zingine najiuliza kama kuna mutu anazisoma.

Basi, baliniita ku formation Butembo, mafunzo ya siku tano, tujifunze kutumia picha za satelite za hali ya hewa. Salle, chumba ya mafunzo, ilikuwa mu Bulengera, kule Butembo. Karibu bote balikuwa banafunzi ba université, batoto ba computer. Toka Beni nilikuwa mimi peke yangu.

Banafunzi balikaa pamoja, balikula pamoja. Mi nilikula fufu yangu pembeni. Hawakunifanyia mubaya, hapana. Ni vile tu mutu akizoea kukaa peke yake, hata kuomba chumvi inamushinda.

Siku ya tatu formateur, mwalimu wetu, alituonyesha picha ya zamani kidogo, ya siku moja ya musimu wa mvua. Rangi nyekundu ilikuwa imefunika Beni yote. Alitufundisha kama nyekundu maana yake wingu iko juu sana na baridi sana, na mara mingi wingu ya vile inabeba mvua kubwa. Alafu akauliza kama kuna mutu alipima ile siku.

Nilikuwa nimekuja na cahier zangu za zamani mu sachet ya plastiki. Nikafungua, nikatafuta tarehe.

"Zero," nikasema.

Banafunzi bakacheka. Kijana mumoja wa nyuma, anaitwa Muhindo, akasema kwa heshima mais kwa sauti ya kusikika:

"Mama, pengine ile siku hamukufika ku kazi."

Wakuu, nilikuwa nimefika ku kazi.

Ile siku nilikuwa naikumbuka muzuri. Asubui masasi ya bunduki ilisikika upande wa mashamba, batu ba quartier, mutaa yetu, bakafunga bintu bakaenda. Mi nilienda ku poste. Hapana ushujaa. Niliona tu kama nikiacha, ile siku itakuwa sawa haikukuwako.

Mbingu ilikuwa nyeupe sawa maziwa, jua haionekane. Nilikaa pale muchana yote. Kesho yake asubui nikapima: hata tone.

Mais nani atanishuhudia? Paluku iko Uganda. Majirani balikuwa bamekimbia. Ile siku hakuna mutu aliniona.

Formateur alikuwa anataka kuendelea na picha ingine. Hapo njo mwanafunzi mumoja akanyoosha mukono. Anaitwa Kavira, mama ya mutoto, anasoma agronomie, mambo ya kilimo, bazazi bake ni balimaji ba Kasugho, kule ku pori, mbali na Beni. Aliomba barudishe ile picha na tarehe yake.

"Ile siku tulipaswa kuzika nkambo yangu, babu, kule Kasugho," akasema. "Mvua ilitukatalia. Kaburi ilijaa maji, tukazika kesho yake."

Formateur akaanza kurudisha picha moja moja, toka ile ya saa sita ya muchana. Na sisi bote tukaona kwa macho: wingu ilizalikia upande wa Kasugho, ikapanda, alafu upepo ya juu ikavuta kichwa yake mupaka ikafunika Beni. Beni ilipata kichwa ya wingu tu. Mvua ilibaki kule.

Formateur akaeleza kama satelite inaangalia mugongo wa wingu. Matone ya chini haiyaone. Njo maana inahitaji mutu wa chini.

Alafu akanigeukia. "Mama, bila hii zero yako, leo ningebafundisha bongo, uongo mutupu."

Sikulia pale. Nililia ku choo.

Muhindo alikuja kuniomba masamaha, tukakaa pamoja kupiga picha za cahier, ukurasa kwa ukurasa. Siku mbili za mwisho nilikula na bengine. Balinifundisha kufungua picha za satelite ku telefone yangu.

Donc, nilirudi Beni. Poste ilikuwa vile niliiacha, majani tu ndiyo ilikomaa. Nikafungua cahier ya sasa, nikakuta kurasa za zile siku tano hazina kitu. Hakuna mutu alipima siku nilikuwa Butembo, juu mutu wa kupima ni mimi.

Na sasa nilikuwa najua kusoma picha. Ningeweza kufungua telefone, kuangalia rangi za zile siku, na kuandika namba inayofanana na kweli. Bureau haingejua.

Nilichukua bic, kalamu yangu. Alafu nikapiga mustari mu kila siku, tano zote, na pembeni nikaandika: hakuna mupimaji.

Ilinichoma kuliko kicheko ya banafunzi. Mais ni kweli.

Somo nililopata: kazi inayofanywa bila mutu kukuona, siku moja itahitaji shahidi, na shahidi wa kwanza ni vile uliandika wewe mwenyewe. Na mutu mumoja hatoshi. Nimeandika barua ku bureau kuomba mwenzangu. Jibu ingali haijakuja.

Wakuu munaofanya kazi peke yenu, bamwalimu ba pori, bauguzi ba poste za mbali, balinzi: munafanya namna gani ili roho isichoke? Muniandikie hapa chini. Nitasoma zote.