Kadena tatu na kikwembe moja

Kama unapita mu avenue yetu, pale Kamalondo, na unasikia batoto banaimba «Kambo Vero ku dirisha, Kambo Vero ku dirisha», usibaulize maana yake, kuya uniulize mimi mwenyewe, juu ni mimi njo Kambo Vero, bibi mwenye bajukuu, na ile mambo ni ya kweli yote, na haya yake ningali naivaa mupaka leo sawa vile muntu anavaa viatu ya kubana.

Ilianza na woga. Mu musimu wa mvua bamwizi baliingia kwa Tata Mwamba, chef wa avenue yetu, muzee ule alitumika ku reli myaka yake yote, balibeba televizyo, balibeba viti mbili, na balibeba sufuria ya maharagi, na maharagi ndani, ingali moto! Bantu balilia televizyo. Mimi ile ya maharagi njo ilinikosesha usingizi. Mwizi mwenye kubeba maharagi ya moto, ule hana haraka, ule anajisikia kwake.

Asubui yake nikamuita Ilunga, sudere wa avenue, ule anaungaka bichuma (mwana wa marehemu Mujinga, mimi nilikuwa pale siku alizaliwa, alitoka na muguu mbele), nikamwambia atie antivole ku madirisha yote, na si ile ya bichuma myembamba sawa makaroni, hapana, chuma ya kweli, iingie mu ukuta na simenti. Na ku mulango wa chuma nikatia kadena tatu, kufuli za nguvu, kwa ndani, kila moja na kashimo ka kupitisha mukono toka inje: ya juu, ya katikati, ya chini.

Odette alikuwa anaangalia. Odette ni muke wa mwana wangu Donatien. Donatien anatumika ku mine, mbali, anarudiaka paka mwisho wa mwezi, kwa hiyo mu nyumba tunakuwa mimi, Odette, Gracia wa myaka munane, na katoto Kabange wa myezi saba.

«Mama,» Odette anasema, na heshima yake yote, «madirisha yote? Hata ya chumba ya batoto?»

«Yote.»

«Na siku moto inawaka, tutatokea wapi?»

«Moto inabebaka maharagi?» nikamuuliza. Ilunga akacheka mupaka akaangusha nyundo. Mimi nikaona nimesema neno ya akili sana.

Odette hakuchoka. Akaomba basi tupigilie musumari pembeni ya mulango, tutundike funguo pale, kila muntu ajue. Nikamwambia ndiyo, na mwizi apitishe fimbo ku dirisha, aivue sawa samaki, atuachie na aksanti. Hapana! Funguo zangu zilikuwa zinalala mu fundo ya kikwembe yangu, kitambaa ile ninajifungaka, hapa ku kiuno. Marehemu mama yangu Kapinga alifungaka mu fundo ya kikwembe makuta, feza yake yote, dawa ya tumbo, hata jino yangu ya kwanza kutoka, na hakuna mwizi alipata kitu. Kusema kweli (sasa naweza kuisema), mwenye kushika funguo njo mwenye nyumba, na mimi sikukuwa nataka kuachia Odette ile kiti.

Na haikuishia pale, juu mudomo yangu haijuake kupumuzika. Ku mukutano wa avenue nikasimama, mimi mwenye kuachia masomo ku ya tatu primere, nikatoa shauri: mwizi akiingia kwako, piga sufuria, ukisikia sufuria ya jirani, piga na yako, kiisha kimbia pale, zunguka nyumba, shika mulango, usiachie muntu atoke! Balinipigia makofi. Tata Mwamba alisema, «Mama Veronika, weye ungekuwa mwanaume tungekutia mu polisi.» Nikakaa chini nikijisikia sawa minista.

Basi, ile mangaribi ya mwezi wa saba, munajua vile baridi yetu inauma mu ule mwezi, nilikuwa nimesha kufunga kadena zote tatu, na sasa Feliciane anapiga hodi ku dirisha. Feliciane wa Kilwa, rafiki yangu tangu tukingali na meno yote. Shemeji yake alikufa, anaenda kulala ku kilio, upande wa mwisho wa Kamalondo, na kikwembe yake ya pili iko na mayi, alifua na haikukauka.

«Ma Vero, nitaenda na moja tu sawa mwenye kwenda kununua chumvi? Bakwe zangu batasema nini? Fungula nichague.»

Hapa, bandugu, hapa njo mambo ilikatikia. Nikawaza zile kadena: ya juu inataka nipande ku kiti, ya katikati iko na kutu, ya chini inataka niiname, na mugongo yangu munaijua. Uvivu ukanishika. Nikavua ile nilikuwa nayo ku kiuno, nikabaki na jipo ya ndani na poloveri ya Donatien, nikaisukuma mu antivole. Ikapita muzuri. (Ni kitu moja tu ilipitaka mu ile antivole bila shida.) Feliciane akabariki jina yangu na jina ya mama yangu, akaenda. Mimi nikakunywa chai, nikalala, roho nyeupe.

Asubui, giza ikingali, nikaamuka na baridi mu mifupa. Nilitaka mayi ya moto ya kunawa. Mbabula ya makala inawashwaka inje, kila mutoto wa Katanga anajua, lakini sheria yangu mimi mwenyewe ilisema mulango haifungulwe mbele ya jua. Kwa hiyo nikawasha mbabula mu saloni, karibu na mulango, na kipande ya plastiki juu makala ishike mbio, kiisha nikaenda ku chumba kutafuta sabuni.

Ile plastiki ikadondoka na moto yake. Rido, pazia ya mulango, ikashika. Kisha rido ikaangukia fotei, kiti ile ya musi, ya sponji, na munajua musi inavyowakaka, moto kidogo lakini moshi nyeusi, nzito, inaingia mu koo sawa pamba. Nikalalamika «Yesu!», Odette akatoka mbio, akakamata bido ya mayi, akamwanga, akakamata ya pili, akamwanga, moto ikarudi nyuma lakini moshi ndiyo kwanza ikazidi.

«Mama, fungula!»

Nikatia mukono ku kiuno. Jipo.

Nikatia mukono ya pili, sawa vile mukono ya pili ingekuta kitu ya kwanza haikuona. Jipo!

Nikakumbuka yote palepale, Feliciane, dirisha, fundo. Na sasa nitabaambia kitu ile sijamwambia hata padri wangu: sikusema. Nilijifanya natafuta. Nikapiga magoti, nikatafuta chini ya meza, chini ya mufuko ya bunga ya bukari, nikasema «ziko hapa hapa, ziko hapa hapa», na mutoto Kabange anakohoa mu mugongo ya mama yake, yote juu ya haya ya kusema mbele ya Odette kama nimekosa. Haikukuwa wakati murefu. Lakini moshi haihesabu sawa sisi.

Ni Gracia njo alisema, kilamba, kipande ya nguo, ku pua: «Kambo, funguo si ulimupatia Mama Feliciane jana, mu kikwembe?»

Odette akaniangalia. Ningeona afazali anitukane.

«Mu chumba ya batoto!» akasema, «kule moshi ingali kidogo, mufunge mulango ya chumba!» Tukaingia, tukasukuma kilamba ya mayi chini ya mulango, tukafungula vitre ya dirisha, na mimi nikakamata sufuria na mwiko, nikaanza kuipiga ku antivole na nguvu yote Mungu alinibakishia.

Bandugu, mupango yangu ilitembea. Ilitembea muzuri kabisa! Nyumba ya kwanza ikajibu na sufuria, ya pili ikajibu, ya tatu, avenue nzima ikaanza kulia sawa ndoa ya mufalme, na ndani ya ile makelele mimi nalalamika «Moto! Moto!» na hakuna muntu anasikia, hata mimi mwenyewe sikujisikia. Bakakuya. Tata Mwamba mbele na pijama na fimbo, Ilunga nyuma na kipande ya chuma, na bengine, ningeweza kubataja bote kumi na moja. Bakazunguka nyumba. Bane bakaegamia mulango wa chuma kwa inje, juu mwizi asitoke.

«Mushike nguvu!» Tata Mwamba analalamika. «Hakuna muntu kutoka!»

Nikapitisha uso ku bichuma ili anione. Sikujua kama uso yangu ilikuwa nyeusi na moshi, na kitambaa ya kichwa ilianguka. Akanipiga fimbo ku vidole.

«Ule hapa! Mwizi wa maharagi!»

«Mwamba!» nikalalamika, «Mwamba mwana wa Ngoie, ni mimi Veronika, nyumba inawaka!»

Fimbo ikabaki juu. Sufuria zikanyamaza moja moja. Na mu ile kimya moshi ikatoka pole pole juu ya kichwa yangu, na bale bane ku mulango bakaruka nyuma, sawa mulango ilibauma.

«Sasa fungula, Mama,» Tata Mwamba anasema.

«Funguo iko ku kilio.»

«Nani alikufa?»

«Shemeji ya Feliciane! Funguo iko mu kikwembe, kikwembe iko na Feliciane, Feliciane iko ku kilio!»

Batoto ba jirani Kalumba bakaanza kucheka, Kalumba akabapiga, kiisha akacheka na yeye.

Ilunga akakimbia ku antivole, akavuta, akapachika muguu ku ukuta, akavuta tena. Mashini yake ya kukata chuma haikuwa na kazi, kura ya umeme ilikuwa imekatika tangu jana.

«Ma Vero,» analia, karibu machozi, «ni weye ulisema chuma ya kweli!»

«Na weye kwa nini ulinisikia?»

Bakaleta balamini, ile chuma murefu ya kuchimbia mashimo, bakavunja simenti, bakavunja matofali, Kabange anakohoa kidogo kidogo, na sauti yake inapunguka. Nikaanza kuomba. Si juu ya nyumba. Nilisema, Bwana, beba nyumba, beba kadena, beba kinywa yangu, uniachie huyu. Na chuma ikalia, krr, upande moja ikatoka na kipande ya ukuta, ikajikunja, ikakuwa shimo.

Kabange akapita wa kwanza, mu mikono ya Tata Mwamba. Inje akavuta pumuzi, akalia, analia na nguvu, na sijasikia wimbo inashinda ile. Gracia akapita. Odette akanisukuma mimi mbele, nikakataa, nikamwambia weye iko na maziwa ya mutoto, pita. Akapita.

Kiisha mimi.

Kichwa ikapita. Mabega ikapita. Bandugu, mimi nimezala batoto munane. Kiuno ikakataa.

Ilunga anavuta mukono moja, Kalumba mukono ingine, jipo inabakia nyuma ku chuma, jua inatoka, na nikiwa pale, nusu inje nusu ndani, sawa mukate mu furu, nasikia wimbo ya kilio inakuya. Bantu ba ku kilio banarudi kwao, bamama makumi na makumi, na mbele yao Feliciane, na kikwembe yangu juu ya yake, na ku kila hatua: chwi, chwi, chwi.

Akasimama. «Ma Vero! Unafanya nini ku dirisha?»

«Feliciane, fundo!»

«Sikuifungula!» anasema mbio, mukono juu. «Mungu anajua, nilisikia kitu nguvu ndani, nikawaza ni makuta yako, fundo ya mwenzako haifungulwake!»

Akafungula fundo, akatupia Odette funguo. Odette akapitisha mukono mu tushimo twa mulango, akafungula kadena ya juu, ya katikati, ya chini, mulango ikawa wazi, nyeupe, kubwa, bantu bakaingia na mayi na muchanga, bakamaliza moto, na mimi ningali mu dirisha. Ilibidi bamama ba kilio baingie mu nyumba, banishike miguu, banirudishe ndani sawa mutoto mwenye kukataa kuzaliwa, kiisha nikatoka kwa mulango, na jipo yenye kupasuka, mbele ya parokia nzima. Feliciane akanifunga kikwembe yangu ku kiuno. Mu fundo hamukuwa kitu.

Ile jioni nikampatia Odette funguo, mbele ya Donatien. Alikuwa ametoka kule ku mine mbio. Odette akapigilia musumari yake, nyuma ya ukuta ya korido, pale mukono wa mwizi ku dirisha haifike na mukono wa Gracia inafika. Ku mulango ilibakia kadena moja, ya katikati, ya mupya, nguvu, bila kutu. Ku avenue tulipatana tena: sufuria ni ya mwizi, filimbi ni ya moto, na mwenye kusikia filimbi asishike mulango ya muntu. Na ku dirisha ya batoto Ilunga aliunga antivole ya kufunguka, na kadena yake ndani, na funguo yake ku musumari yake. Lakini mbele ya kukata chuma alikuya na kamba, akanipima kiuno mulangoni, bantu banaangalia, akafunga fundo ku kamba, akasema, «Tuongeze kidogo, Ma Vero, juu ya siku ya sikukuu.»

Nimeapa. Sitafunga tena kitu ile muntu mwingine wa nyumba hawezi kufungula. Na kila mangaribi, nikiwa mu kitanda, naulizaka Odette maulizo mbili, si moja sawa zamani.

«Umefunga?»

«Nimefunga, Mama.»

«Na tukitaka kutoka?»

Na Gracia anajibu mu giza, mbele ya mama yake, juu anajuaka njia na macho ya kufunga: «Hatua saba, Kambo. Na weye utapita, tulikupima!»