Tunda la Yago Kwenye Mpaka

Kabla ya serikali kutaka kujua watu wa mlimani wanaishia wapi, hakuna aliyejua, wala hakuna aliyekosa usingizi kwa kutojua. Boma letu lilikuwa kwenye mteremko juu ya Kisian. Chini tuliliona ziwa, juu tuliona moshi wa nyumba za Waluhya. Nyanya yangu mzaa baba alitoka huko juu. Jirani yetu wa karibu, mzee mmoja Mluhya aliyenyoa watu nywele sokoni, alikuwa ametahiriwa kama wanaume wote wa kwao, lakini alipokasirika alitukana kwa Dholuo safi, lugha yetu sisi Wajaluo, kumshinda baba yangu. Kati yake na sisi kulikuwa na chemchemi moja, na aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kuchota.

Miaka ya sitini ikielekea mwisho, ikaja kamati ya mipaka pamoja na mpimaji na minyororo yake. Mlima ulitakiwa uwe na mwisho. Wakatuuliza maswali ambayo hadi leo yananichekesha na kunitia hasira kwa pamoja: Hapa mnatahiri, au mnang'oa meno ya chini? Mkikaa kula mnaongea lugha gani? Kwetu ungeweza kuwakuta ndugu wawili wa tumbo moja wenye majibu mawili. Kamati ilipochoka, ikaamua kufuata makaburi. Mahali watu walipozikwa kwa desturi ya ziwani pangekuwa pa ziwani, na walipozikwa kwa desturi ya mlimani pangekuwa pa mlimani. Wakasema watarudi baada ya mavuno.

Makaburi yetu yote yalikuwa chini ya chemchemi, hakuna hata moja lililokuwa juu yake. Mpaka ungepita chini, na maji yangebaki mlimani.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameenda Kampala kutafuta kazi kabla ya uhuru. Mwanzoni madereva wa malori walituletea salamu zake, kisha salamu zikakatika. Hakuna aliyekuwa amesema kwamba amekufa. Baba alilisema neno hilo mara ya kwanza wiki chache baada ya kamati kuondoka, mbele ya wazee wa ukoo, na akalisema kwa sauti ya mtu aliyelifanyia mazoezi.

Kwetu mtu akipotea kabisa, huzikwa tunda la yago badala yake. Ni tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kikonyo kirefu. Hulazwa kaburini kama maiti, watu wakalia, mambo yakaisha. Na kijana ambaye hajajenga nyumba yake huzikwa nje ya ua. Desturi inasema nje ya ua. Haisemi umbali gani. Baba akachagua mahali juu ya chemchemi, mbali sana na ua.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa Kisian, lakini nilipanda nikamuuliza, "Baba, na akirudi?"

"Wewe umeolewa, nyathina, mtoto wangu," akasema. "Mambo ya hii boma uachie wenyewe."

Jirani yetu alikuja mazishini na wanawe na majembe yao. Ndiye aliyechimba. Alilia machozi ya kweli, maana kaka yangu alikulia uani kwake kama kwetu. Mama peke yake hakulia. Walipomsukuma asogee karibu, akasema, "Mimi sijaona mtu hapa. Nitalia siku nitamwona." Donge la kwanza la udongo lilipoangukia lile tunda ndani ya shuka, lilitoa mlio mkavu wa kitu kisicho mwili. Niliogopa. Nilitaka mtu aseme tuache, lakini majembe yaliendelea.

Kamati iliporudi, jirani mwenyewe ndiye aliyewapeleka kwenye kaburi. "Weka hapa," akawaambia. "Mtu hawezi lima juu ya mtoto wa jirani." Mpaka ukapita hapo hapo, mikonge ikapandwa, na chemchemi ikawa yetu. Baba alikuwa amepata alichokitaka, lakini tangu siku hiyo hakupenda kukaa akitazama juu. Mama naye akienda kuchota maji aliligeuzia kaburi lile mgongo.

Kisha Uganda ikaharibika. Watu wakaanza kurudi na mizigo vichwani, na kila nilipowaona wakipita barabarani pale Kisian moyo uliniruka.

Siku hiyo nilikuwa nimempelekea mama omena, dagaa wa ziwani. Mchana ulikuwa mzito, mawingu yamepanda kutoka ziwani, na kuku walikuwa wameingia ndani mapema. Tukasikia jirani akiita kutoka kwenye mikonge. "Mzee, toka nje. Kuna mtu."

Kaka yangu alikuwa amekonda. Alishukia Maseno akakatiza mlimani kwa miguu, njia ya utotoni mwetu, kwa hiyo kitu cha kwanza cha kwetu alichofikia kilikuwa kaburi lake. Alisimama ng'ambo yake akiwa na mfuko mmoja. "Hii ni ya nani?" akauliza. Akatutazama mmoja mmoja, na nikaona uso wake ukielewa polepole.

Mama alikimbia. Baba akamshika mkono. Mtu aliyezikwa haingii boma kabla kaburi lake halijafunguliwa, maana akiingia anaingia na kifo. Tuliamini hivyo wote, hata mimi niliyeenda kanisani kila Jumapili.

"Fungua basi," jirani akasema. "Toa hiyo tunda, chinja kondoo, mtoto aingie. Mimi nilichimba, mimi nitachimbua."

Baba alitazama chemchemi. "Nikifungua, mpaka inabaki wapi?"

"Hiyo tutaongea."

"Kesho," baba akasema.

Kesho ikawa baada ya mvua, na baada ya mvua ikawa baada ya palizi. Kaka yangu alilala kwa jirani usiku ule na siku zote zilizofuata. Mwishowe akajengewa kibanda huko, ng'ambo ya mikonge. Mama alipika kila siku, akapanda na bakuli, akaliweka juu ya kaburi na kurudi. Akishaondoka, mwanawe alishuka kulichukua. Kwa imani ile ile hawakushikana mikono, na hawakula pamoja.

Nilimwambia baba mbele ya wazee, "Hayo maji unayokunywa ni mtoto wako." Wazee walinikemea. Baba alimaliza maji yaliyokuwa kwenye kikombe, akakiweka chini taratibu.

Kikohozi alichokuja nacho kaka yangu hakikumwacha. Msimu mmoja bakuli likaanza kukaa hadi adhuhuri, kisha hadi jioni. Asubuhi moja mama alipanda akalikuta la jana likiwa na nzi. Jirani alikuwa amesimama kwenye mikonge, kofia mkononi.

"Mtoto ametuacha," akasema.

Jirani na wazee walimtaka baba aseme azikwe wapi. Baba alikuwa amezeeka ghafla, lakini alisema kwamba kijana huyo ana kaburi tayari, na boma haliwezi kumzika mtu mmoja mara mbili. "Basi ni wetu," jirani akasema, akapanda zake. Walimzika alasiri ile kwa desturi ya mlimani, katika ardhi yao.

Mama alitoka bila kuvaa viatu. Alilipita kaburi la yago bila kulitazama, akapenya kati ya mikonge, na kabla ya kufika juu akaanza kulia. Kilio kile alikuwa amekiweka miaka yote hiyo. Nadhani walikisikia hadi Kisian. Baba alisimama chini kwenye chemchemi akamwita, mara ya kwanza kwa ukali, kisha kwa kusihi. Mama hakugeuka, na hakurudi kulala upande wetu tena.